Dan Namingha, mchoraji wa mahali ambapo mgeni haruhusiwi kuchora

Mgeni anayepanda barabara ya kwenda vijiji vya Wahopi, jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini mashariki mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, hulakiwa na kibao kabla ya kulakiwa na mtu. Kibao kinamkataza kupiga picha, kinamkataza kurekodi sauti, na kinamkataza hata kuchora. Katazo la kamera wageni wengi hulipokea bila ubishi, kwa kuwa wamekwisha kulizoea mahakamani na kwenye kambi za jeshi. La penseli ndilo linalowashangaza, maana penseli haina hila ya mashine, na mchoro wa msafiri mara nyingi haufanani hata na kitu alichokiangalia. Ninavyoona mimi, mtu asiyelielewa katazo hilo la penseli hawezi kuielewa kazi ya Dan Namingha, aliyezaliwa mwaka 1950 Keams Canyon na kukulia Polacca, chini ya kilima kiitwacho Mesa ya Kwanza, ambaye amejenga maisha yake yote ya usanii juu ya mambo yale yale ambayo mgeni hapewi ruhusa ya kuyachora.

Maandishi yanayoambatana na maonyesho ya sanaa hupenda kummaliza msanii wa aina hii kwa sentensi moja, kwamba anaunganisha mila za kale na usasa wa Magharibi. Sentensi hiyo haina uongo mkubwa, ila imechakaa kama kanga iliyogeuzwa dekio, na ndani yake imejificha dhana mbaya zaidi kuliko uchakavu, yaani kwamba uchoraji wa kidhahania ni mali ya Paris na New York, na kwamba Mhopi anayeuvunja uso wa kitu vipande vipande lazima awe ameazima nyundo huko. Nadhani nyundo ilikuwa nyumbani kwao siku zote. Tena nadhani kuivunja sura, kwa Namingha, ni suala la adabu kabla ya kuwa suala la mtindo, kwa sababu kunampa njia ya kulichora jambo bila kulitoa nje.

Eneo la Wahopi lina ukubwa wa takribani ekari milioni 1.5, nalo limezungukwa pande zote na eneo kubwa zaidi la Wanavajo, kabila jingine la wenyeji. Vijiji vyake ni 12, na vingi viko juu au chini ya vilima vitatu vyenye vilele bapa ambavyo Wahispania waliviita mesa, neno ambalo ni ndugu wa meza yetu tuliyoipata kwa Wareno. Kimojawapo, Oraibi, kimekaliwa na watu bila kukatika tangu karne ya 12. Mvua ni haba, mara nyingi haizidi milimita 250 kwa mwaka. Mkulima hutoboa ardhi kwa mti uliochongwa ncha, huzika mbegu za mahindi mbali chini ya mchanga ili ziufikie unyevunyevu uliobaki, kisha huangalia juu. Ukiona katika sanaa yao umbo la ngazi ndogo linalojirudia ukingoni mwa chungu, kwenye taji la ubao, au kwenye pindo la vazi, ujue ni mawingu yaliyorundikana.

Wanaoyaleta mawingu hayo ni katsina, roho ambao kwa imani ya Wahopi wana makao yao kwenye vilele vya milima ya San Francisco Peaks, karibu na mji wa Flagstaff, na ambao huwapo vijijini tangu majira ya baridi hadi mwezi wa Julai. Namna wanavyokuwapo ni jambo ambalo mtoto wa Kihopi haelezwi mpaka afikie umri wa kuingizwa katika siri hiyo, nami sioni sababu ya kulieleza hapa kwa haraka ya makala. Aliyepitia jando au unyago hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa anajua kwamba kuna mambo ambayo thamani yake imo katika utaratibu wa kuyapokea, na kwamba ukimwambia mtu jambo hilo barabarani humpi elimu, unampa habari tu.

Lugha yetu ina methali isemayo kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni methali ya watu waliozoea kuona mchongaji na chombo chake, na hekima yake ni ya kweli kwa mambo ya kisiasa na ya kinyumbani. Kwa Mhopi, hata hivyo, ingesikika kama kauli ya mtu asiye na malezi. Vitu ambavyo wauzaji wa minada huviita vinyago, yeye huviita marafiki. Huvilisha, huvitunza kama viumbe hai, na huviheshimu hata pale ambapo anamfahamu kwa jina aliyevitengeneza. Mchoraji anayetoka katika jamii inayoamini hivyo hawezi kuketi mbele ya turubai akasema, kama anavyoweza kusema mwenzake wa Chicago, kwamba hii ni sura tu.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa nje hulisahau, nalo huukoroga mjadala mzima. Tunapenda kuupiga mpaka kati ya Mhopi na mgeni, kana kwamba ndani ya kijiji kila mtu anajua kila kitu na nje hakuna anayejua lolote. Maarifa ya Wahopi yamegawanywa kwa koo na kwa vyama vya ibada, na kila kundi lina wajibu wake, simulizi zake na vitu vyake ambavyo jirani wa mlango wa pili hana haki ya kuviuliza. Mpaka, kwa hiyo, unapita katikati ya kijiji, na pengine katikati ya nyumba. Msanii wa Kihopi anapoficha kitu, hamfichi Mzungu peke yake. Anazingatia pia kwamba miongoni mwa watakaoiona picha yake wapo ndugu zake wasiostahili kuona sehemu fulani, na kwamba yeye mwenyewe si mmiliki wa yote anayoyajua.

Sasa turudi kwenye nyundo. Nampeyo, mfinyanzi aliyezaliwa karibu na mwaka 1860 katika kijiji cha Hano juu ya Mesa ya Kwanza, alikuwa Mtewa, mtu wa ukoo wa wahamiaji waliotoka bonde la Rio Grande mwishoni mwa karne ya 17 baada ya maasi dhidi ya Wahispania, wakapewa ardhi na Wahopi. Kilomita chache kutoka Hano yako magofu ya Sikyatki, kijiji kilichokufa karne kadhaa kabla yake, na vigae vyake vilikuwa vimetapakaa ardhini. Nampeyo aliviangalia vigae hivyo, akajifunza umbo la vile vyungu vipana vyenye mabega bapa, akajifunza na michoro yake, kisha akaanza kufinyanga kwa namna hiyo. Mwaka 1895 Jesse Walter Fewkes wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, alifika kuchimba Sikyatki na kuondoka na mamia ya vyombo, vingi vikiwa vimetoka makaburini. Vitabu vya zamani vilimpa Fewkes sifa ya kumfungulia Nampeyo njia, ingawa siku hizi wengi wanakubali kwamba mama huyo alikuwa ameianza njia hiyo kabla koleo halijafika.

Mtu akivitazama vyombo vya Sikyatki, na vya Nampeyo baada yake, atagundua kwamba ndege hayupo. Kuna bawa, kuna mkia, kuna unyoya mmoja uliopinda kama ndoano, kuna mistari myembamba iliyopangwa sambamba hadi macho yakachoka, lakini ndege mzima, mwenye kichwa na miguu, kwa kawaida haonekani. Amefumuliwa, na sehemu zake zimepangwa upya zizunguke bega la chungu kwa mantiki ya chungu chenyewe. Hiyo ni kazi ya karne ya 15 na ya 16, iliyofanywa na watu ambao hawakuwa na habari ya Picasso, na waliofanya hivyo hawakuwa wakiasi dhidi ya uchoraji wowote wa uhalisia. Anayesema kwamba Namingha alijifunza udhahania chuoni anapaswa kwanza aeleze ni nini kilichokuwa kikichorwa jikoni kwa bibi yake.

Ninasema jikoni kwa bibi yake kwa sababu ukoo wenyewe unajulikana vizuri. Annie Healing alikuwa binti wa Nampeyo, Rachel Namingha alikuwa mjukuu, Dextra Quotskuyva alikuwa kitukuu, na Dan, mwana wa Dextra, ni kilembwe. Wote hao wanne wa mwanzo walikuwa wafinyanzi wa sifa kubwa, na kwa Watewa na Wahopi ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mstari huo wa akina mama ndio ukoo wenyewe hasa. Inasemwa mara nyingi kwamba Dan alitoka katika familia ya wasanii, na kauli hiyo inapunguza uzito wa jambo. Alitoka katika nyumba ambamo kwa vizazi vinne watu walikuwa wakiamua kila siku, kwa brashi ya nyuzi za mmea wa yuka, ni sehemu gani ya ndege ichorwe na ni sehemu gani iachwe.

Upande wa wanaume nao una somo lake, na hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Kati ya mwaka 1935 na 1939 Jumba la Makumbusho la Peabody la Chuo Kikuu cha Harvard lilichimba magofu ya Awatovi, mji wa Wahopi ulioangamizwa na Wahopi wenzao mwaka 1700 baada ya kuwapokea tena mapadri wa Kihispania. Katika vyumba vya ibada vya chini ya ardhi, vinavyoitwa kiva, wachimbaji walikuta kuta zilizochorwa kwa rangi za udongo, na nyuma ya mchoro wakakuta lipu, na nyuma ya lipu mchoro mwingine, tabaka juu ya tabaka, hadi kuta nyingine zikapita tabaka 100 za lipu. Michoro ilitengenezwa kwa ajili ya ibada, na ibada ilipokwisha ilipakwa lipu ikafunikwa. Hakuna aliyeiharibu kwa hasira wala kwa uzembe. Kufunikwa kulikuwa sehemu ya maisha ya mchoro, kama vile kuzikwa kulivyo sehemu ya heshima ya mtu.

Wataalamu wa Harvard walifanya kinyume chake, wakaibandua michoro tabaka moja baada ya jingine, kwa ustadi mkubwa, wakaipeleka kwenye mwanga wa umeme. Mwaka 1941 nakala za michoro hiyo zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York, na zilikuwa zimechorwa na Mhopi, Fred Kabotie. Sitaki kuwalaumu kwa urahisi, kwa kuwa bila kazi hiyo wachoraji wa Kihopi waliofuata wasingeyaona mengi waliyoyaona, na kwa kweli waliyatumia. Lakini kila nikifikiria mchoro uliokusudiwa kuonekana siku chache gizani ukining'inia ukutani Manhattan, naona kwamba swali la penseli kwenye kile kibao si la watalii peke yao.

Kabotie ndiye anayetuonyesha jinsi swali hilo lilivyo gumu kwa mwenye nyumba mwenyewe. Alizaliwa Shungopavi, Mesa ya Pili, karibu na mwaka 1900, katika familia iliyozipinga shule za serikali, na mwaka 1915 akapelekwa shule ya bweni ya Santa Fe, katika jimbo jirani la New Mexico, moja ya shule zilizojengwa kwa makusudi ya kuwafanya watoto wa wenyeji wasahau lugha na dini zao. Mke wa mkuu wa shule, Elizabeth DeHuff, aliwaalika wavulana wachache nyumbani kwake na kuwapa karatasi na rangi. Kijana aliyekuwa akiteswa na upweke akachora alichokikosa, nacho kilikuwa katsina. Aliwachora wazima, kwa usahihi wa kushangaza, kila unyoya mahali pake, juu ya karatasi nyeupe isiyo na ardhi wala anga, kana kwamba walikuwa wamekuja kumtembelea bwenini.

Michoro iliyoanza kama dawa ya upweke ikageuka kuwa kumbukumbu zinazonunuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 taasisi ya George Heye ya New York ilimwagiza Kabotie achore ngoma na ibada za Wahopi mfululizo. Mwaka 1932 kazi zake zilikuwa Venice. Mwaka 1933 alichora kuta za mnara wa watalii wa Desert View kwenye ukingo wa Grand Canyon. Alikuwa msanii mkubwa na mwalimu aliyetumikia shule ya Oraibi kwa zaidi ya miaka 20, na sina haki ya kumsomea hukumu. Hata hivyo usahihi wake uliwafaa watu wawili kwa pamoja, yaani kijana aliyetaka kukumbuka na mkusanyaji aliyetaka kumiliki, na karatasi haina uwezo wa kuchagua imtumikie yupi. Mwanawe, Michael Kabotie, aliliona tatizo hilo. Mwaka 1973 yeye na wenzake wanne waliunda kundi la Artist Hopid, wakaziendea zile kuta za Awatovi na kuchukua kutoka humo lugha ya maumbo badala ya orodha ya ibada. Kundi hilo linastahili makala yake lenyewe.

Namingha alipofika Santa Fe kusoma, miaka ya 1960, alifika kwenye uwanja ule ule alikopelekwa Kabotie kwa lazima. Ile shule ya bweni ilikuwa imefungwa, na tangu mwaka 1962 majengo yake yalikuwa ya Taasisi ya Sanaa za Wahindi wa Marekani, yaani wenyeji wa asili, ambako vijana wa makabila mengi walifundishwa kwamba wanaweza kuchora chochote, kwa namna yoyote, bila kuambiwa mchoro wa mwenyeji unapaswa kufanana na nini. Baadaye alisoma Chicago na kutumikia jeshini, katika kikosi cha Marine. Sikatai kwamba huko alipata vingi. Ukubwa wa turubai zake, akriliki inayokubali kupakwa nene na kukauka upesi, na ile jeuri ya kuacha mfagio mpana wa brashi uonekane ni mambo ya shule na ya zama zake. Chicago, kwa bahati, haikuwa mpya kwa ukoo huo, kwa kuwa Nampeyo mwenyewe alipelekwa huko mwaka 1910 kufinyanga mbele ya umati kwenye maonyesho, baada ya kufanya hivyo hivyo Grand Canyon mwaka 1905, na mtu anaweza kutafakari tofauti ya kwenda Chicago kutazamwa na kwenda kusoma.

Katika picha zake za katsina uso hauji mzima. Linakuja jicho moja, mstatili mfupi mweusi; inakuja nusu ya paji, kipande cha taji la ubao lenye ngazi za mawingu, ncha ya unyoya, ukanda wa rangi mashavuni, na kila kimoja kimefungiwa katika mraba wake kama dirisha lililofunguliwa kidogo tu. Anapomchora Palhik Mana, yule msichana wa taji kubwa, anayemfahamu Palhik Mana humtambua papo hapo kwa robo ya taji, na asiyemfahamu hupata mpangilio mzuri wa rangi na kwenda zake ameridhika. Picha moja, basi, ina milango miwili, na mlango wa ndani haukufungwa kwa kufuli. Umefungwa kwa kutokujua kwa mtazamaji. Kwa uamuzi wangu huo ndio ustadi wake mkubwa, kuliko hata rangi zake ambazo kila mtu huzisifu.

Rangi zenyewe zinahitaji neno, kwa sababu wengi huzieleza kwa jua la jangwani na kuishia hapo. Wahopi wana pande nne za dunia zinazofuata mahali jua linapochomoza na kuzama nyakati za jua kusimama, yaani siku ndefu na siku fupi kuliko zote za mwaka, na kila upande una rangi yake: manjano ni kaskazini magharibi, buluu ni kusini magharibi, nyekundu ni kusini mashariki, na nyeupe ni kaskazini mashariki. Mahindi yao yana rangi hizo hizo. Namingha anapoweka mraba wa buluu kando ya mraba wa manjano, huenda anafuata jicho lake tu, na huenda anasimama mahali fulani na kuangalia upande fulani. Mtazamaji hapewi uthibitisho, nami naona ni vyema asipewe. Kuhusu mandhari zake, baadhi yake huiweka mesa chini kabisa ya turubai, ukanda mwembamba wenye nyumba zilizoungana na mwamba, na sehemu yote iliyobaki ni anga. Mkulima yeyote anayengoja mvua angekubaliana na vipimo hivyo.

Kwa nini tahadhari yote hii? Historia ya eneo hilo inajibu bila kuulizwa mara mbili. Kuanzia mwaka 1921 wafanyabiashara wazungu wa mji wa Prescott, huko huko Arizona, walijipaka rangi na kucheza ngoma ya nyoka ya Wahopi kila mwaka mbele ya watazamaji wanaolipa, wakijiita Wasmoki, na waliacha mwaka 1990 tu baada ya Wahopi kuandamana. Mwezi Aprili mwaka 2013 nyumba moja ya mnada ya Paris iliuza takribani vitu 70 vya ibada vya Wahopi kwa jumla ya euro 930,000 hivi, baada ya mahakama ya Ufaransa kukataa kuuzuia mnada. Mwezi Desemba wakfu wa Annenberg wa Marekani ulinunua kimyakimya vitu 24 katika mnada mwingine wa huko huko, 21 vikiwa vya Wahopi, kwa lengo la kuvirudisha kwa wenyewe. Sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa maumivu hayo kwa mafumbo. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984 kilirudishwa kutoka Geneva mwaka 2010, baada ya majadiliano ya miaka mingi juu ya kitu ambacho wizi wake haukuwa na utata wowote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 juu ya sanaa za wenyeji humwadhibu anayeuza kazi yake kwa kudai uongo kwamba imetengenezwa na mwenyeji. Ni sheria nzuri, lakini inalinda jina la mtengenezaji, hailindi sura iliyotengenezwa. Mzungu anaruhusiwa kuchora katsina mzima na kumuuza, mradi aseme yeye ni Mzungu. Mahali ambapo sheria imeishia, kinachobaki ni hiari ya mchoraji.

Hapa inanipasa niseme ninachokiona kuwa udhaifu, maana makala ya sifa tupu haimsaidii msanii wala msomaji. Kuficha nako kuna soko. Mnunuzi tajiri wa Santa Fe au Scottsdale anaweza kuipenda picha hasa kwa sababu inanukia siri, na robo ya uso ikatundikwa juu ya kochi ikafanya kazi ile ile ambayo ingefanywa na uso mzima, tena kwa bei kubwa zaidi. Namingha hawezi kulizuia hilo kwa brashi, na sidhani kama miraba na miezi michanga inayojirudia katika kazi zake kwa miongo kadhaa haijawahi kuteleza kutoka kwenye lugha na kuwa chapa. Mtetezi atasema kwamba kurudia si dhambi katika ukoo ule, kwani vizazi vinne vilirudia mkia wa ndege na ile mistari myembamba, iitwayo ya uhamaji, bila aibu. Ni kweli, ila Nampeyo hakujua kuandika jina lake na vyombo vyake vingi havina saini, ilhali turubai huuzwa kwa saini kwanza. Marudio ya ukoo na marudio ya jina moja sokoni ni mambo mawili yanayofanana kwa nje.

Pamoja na hayo, ukilinganisha na njia nyingine zilizokuwa wazi mbele yake, sioni aliyeipata iliyo bora. Angeweza kuacha mambo ya nyumbani kabisa na kuchora kama mtu asiye na bibi. Wapo wenyeji waliofanya hivyo, na ni haki yao. Angeweza kuchora kila kitu waziwazi kwa kisingizio cha kuhifadhi utamaduni, neno ambalo siku hizi hufungua kila stoo. Amechagua njia inayomlazimu kufikiri upya kila anapoanza picha, kwa kuwa hakuna kanuni iliyoandikwa ya kumwambia kipande kipi kimezidi.

Wanawe wawili nao ni wasanii, Arlo akiwa mchongaji na Michael akifanya kazi ya picha za kamera na za kidijitali, na familia hiyo huonyesha kazi zake katika jumba lao dogo lililofunguliwa Santa Fe mwaka 1990, zaidi ya kilomita 400 kutoka Polacca. Mlangoni pameandikwa Niman. Watalii wanaomiminika mjini humo kila Agosti kwa ajili ya soko la sanaa za wenyeji hulisoma neno hilo, wengi wakidhani ni jina la mtu, kisha huingia ndani. Kwa Kihopi ni jina la ibada ya Julai ya kuwaaga katsina, siku wanapoondoka vijijini kurudi milimani, na hawaonekani tena mpaka majira ya baridi.